Diski Ipo, Kompyuta Haitaki Kuijua

Hebu nielezwe, jamani: ni nani aliyeomba? Maana mimi sikuomba. Nilikuwa na kompyuta yangu inawaka, inazima, inafungua faili zangu, tunaheshimiana. Siku hiyo usiku ikaniandikia kwenye skrini kwamba inaweka masasisho ya Windows, nisiizime. Haya, siizimi. Asilimia 12. Asilimia 30. Hapo kwenye 30 ikakaa kitako, ikatulia kabisa, mpaka mimi nikakata tamaa nikaenda kulala. Sasisho la mfumo ni mgeni anayeamka usiku wa manane, anahamisha makochi yote, halafu asubuhi anataka umsifu.

Asubuhi nakuta picha ya skrini si ile. Vitufe vilivyokuwa kushoto vimehamia katikati. Na ujumbe wa kunipongeza juu: faili zako zote ziko pale pale ulipoziacha. Pale pale! Nikachomeka diski yangu ya nje, ile iliyobeba ukoo mzima: picha, vyeti vilivyoskaniwa, video ya harusi. Taa yake ikawaka. Kompyuta ikalia "tu-ding", maana yake imehisi kitu. Nafungua pale zinapokaa diski: hakuna. Nachomoa, inalia tena kwa huzuni, "ding-tu". Nachomeka, "tu-ding". Kwa hiyo masikio inayo. Macho ndiyo sasisho limeondoka nayo.

Mama watoto akapita nyuma yangu. "Baba, na ile video ya harusi?" Kwa sauti ya upole kabisa. Angenifokea ningejua pa kusimama. Upole ule sina dawa nao.

Na shemeji yangu naye, ambaye hakuna aliyemwita, tayari yuko begani kwangu. "Shem, zima uwashe." Nikazima, nikawasha. Hola. "Basi hiyo imekufa, shem. Fomati tu, itarudi mpya."

Itarudi mpya! Ndiyo, mpya, haina hata picha moja ya harusi ya dada yake. Huyu bwana ana dawa mbili tu duniani, kuzima na kufomati. Sithubutu kumwambia goti linaniuma. Watu wanalitaja neno fomati kirahisi mno. Ile fomati ya haraka inafuta orodha ya mahali faili zilipo, basi. Faili zenyewe zinabaki humo ndani yatima, hazina wa kuziulizia, mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kwenye diski ya sahani inayozunguka unaweza kupata programu ya kuziokoa kabla hujaandika chochote. Kwenye SSD, ile diski isiyo na sahani, hata huo uyatima mara nyingi haudumu, maana diski yenyewe inaambiwa nafasi hiyo haina mwenyewe, inaisafisha. Na hapo mshauri wako anakuwa ameshaaga, ana safari.

Nikamwomba shemeji asogee kidogo, nianze na waya.

Sasa waya. Kila nyumba ina droo ya nyaya ambazo hakuna anayejua zilikuja na nini na hakuna anayethubutu kuzitupa. Nikatoa mmoja unaoingia vizuri, mpya, mnene, wa kuheshimika. Taa ya diski ikawaka. Kompyuta kimya, hata ile tu-ding hakuna. Kumbe ni waya wa kuchajia tu! Ndani mna nyaya za umeme, zile za kupitisha data mtengenezaji hakuziweka. Na nje hakuandika popote. Taa inakuangalia, wewe unaiangalia, mazungumzo hakuna. Nikaurudisha droo ile ile, siku nyingine unikere tena.

Nikaja kwenye umeme. Diski hizi ndogo za kubeba hazina waya wa ukutani, zinakula kwenye USB hiyo hiyo. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900, na sahani ya diski inapoanza kuzunguka ndipo inapotaka kula sana. Halafu angalia hali ya mezani kwangu: kigawanyio kimoja cha USB, kimebeba kipanya, kibodi, spika, na kifeni cha kumpepea mtu mwenye hasira, vyote vinagombea tundu moja. Nikaweka sikio juu ya diski. Ikizunguka vizuri inatoa mvumo mwembamba, vuuu, usiokatika. Ikikosa nguvu inafanya tik, inanyamaza, tik, inanyamaza. (Ikiwa inagonga hivyo hata umeme ukiwa wa kutosha, iache, usiendelee kuilazimisha; hiyo inaumwa kweli.) Nikaichomeka moja kwa moja kwenye tundu la buluu, lile la USB 3.0, nyuma ya mashine. Vuuu. Mvumo safi. Kompyuta: tu-ding. Diski kwenye orodha: hakuna.

"Imekufa, shem," sauti ikatoka begani.

Nikaichukua diski nikaenda kwa kompyuta ya binti yangu. Nikachomeka. Haikuchukua hata pumzi mbili, folda hizo, harusi hiyo, mimi huyo nikiwa na nywele. Kwa hiyo mtuhumiwa hana hatia! Diski nzima, waya mzima, mwenye kesi ni mfumo ulioamka na akili mpya. "Baba," binti akaniambia bila hata kuinua macho kwenye simu, "mimi huwa nabonyeza 'nikumbushe baadaye'." Najua, najua, masasisho yanaziba mianya wanayopitia wezi wa mtandaoni, na nikamwambia hivyo, kibaba kabisa. Lakini kuziba mianya ya wezi ni kitu kimoja. Kuziba na mlango wa diski yangu ndiyo nini?

Nikarudi kwa mshtakiwa. Bofya kitufe cha kuanzia kwa upande wa kulia wa kipanya, inafunguka menyu ambayo nadhani walioiweka hawakutaka tuione, na humo kuna sehemu ya kusimamia diski. Nikaingia. Na nani namkuta amekaa pale? Diski yangu. Ukubwa wake kamili. Imeandikwa kabisa kwamba ni nzima, haina tatizo. Kilichokosekana ni herufi! Mfumo huu kila diski lazima ipewe herufi ndipo ionekane kwenye orodha, na yangu miaka yote ilikuwa E. Nikatafuta E kaichukua nani. Kisoma kadi. Kile kitundu cha kadi za kamera ambacho hakina kadi ndani. Tundu tupu limepewa herufi, harusi yangu imesimama nje.

Na si kwamba herufi zimekwisha. A na B ziko wazi, zimehifadhiwa tangu enzi za diski za flopi, ambazo leo ukimwonyesha mtoto anadhani umechapisha kile kitufe cha kuhifadhi faili. Marehemu wametunziwa nafasi kwa heshima zote.

Haya, kubadilisha herufi ni rahisi: bofya kulia juu ya diski, chagua "badilisha herufi". Lakini sikilizeni uovu wa huyu aliyepanga menyu. Chini yake, mstari unaofuata hasa, maandishi yale yale, ukubwa ule ule, hakuna hata rangi nyekundu: "Fomati". Dawa na sumu zimelala kitanda kimoja! Kipanya changu chenyewe kina kigugumizi, kinaruka kikitaka. Nikashika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Ndani ya nyumba hakuna aliyepumua, isipokuwa shemeji, aliyeninong'oneza, "Hiyo ya pili, shem, hiyo ya pili." Nikambofya wa juu. Nikaipa R, huko mbali kwenye alfabeti ambako tundu tupu halifiki kugombania. Folda zikafunguka.

Nikainuka nitangaze ushindi. Narudi, diski imepotea.

Safari hii ni kubana matumizi. Sasisho lilipopita lilirudisha tiki kwenye kile kipengele kinachoruhusu kompyuta kuzima matundu ya USB ili kuokoa umeme. Skrini inawaka kutwa ikinionyesha hali ya hewa na habari za watu mashuhuri ambao sikuwauliza, huko hakuna hasara. Kadiski kangu ndiko kanakofilisi nyumba. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa, nikafungua vitovu vya USB, vile vinavyoyagawia matundu umeme na data, kimoja baada ya kingine, kwenye kichupo cha umeme nikaondoa tiki, nikaondoa tiki, nikaondoa tiki. Diski ikarudi, ikatulia. Mama watoto akaitazama harusi yote, akarudia pale mimi ninapojikwaa.

Alipomaliza nikafunga kila kitu, nikaenda pale pa kutoa diski kwa usalama. Nikabofya. Kompyuta ikanijibu kwamba haiwezekani kwa sasa, diski inatumika. Inatumiwa na nani? Hakuna programu hata moja iliyofunguliwa! Nikasubiri, nikabofya. Inatumika.

"Baba, imekubali?" mama watoto akaniuliza kutoka chumbani.

"Imekubali. Sasa inakataa kuiachia."

"Shem," akasema yule bwana, "zima."