Kipunji Si Shahidi wa Nunda

Katika mazungumzo ya waongoza watalii hapa Moshi na Arusha, hasa wageni wanapokuwa wamekwisha kuingia kwenye mahema, hakosi mtu wa kuuliza kama porini bado kuna wanyama wakubwa ambao wataalamu hawajawafikia. Wapo wanaomtaja nunda, paka mkubwa wa masimulizi, ambaye pwani huitwa pia mngwa. Wapo waliosoma habari za mokele-mbembe, dude linalosimuliwa katika misitu ya Kongo, au za dude la ziwa Ness huko Uskoti. Mjadala unapofika mahali pagumu hutolewa hoja moja: okapi, jamaa ya twiga wa misitu ya Kongo, hakujulikana kwa wataalamu hadi juzi juzi, samaki aitwaye silikanti alidhaniwa ametoweka duniani, kima aitwaye kipunji tumempata katika karne hii, basi nani ana haki ya kusema kwamba nunda hayupo? Hoja hiyo ina mvuto, na wanaoitoa ni watu makini. Hata hivyo naamini kwamba wanyama hao watatu, tukiangalia namna walivyopatikana, wanatoa ushahidi dhidi ya nunda.

Nianze na kipunji, kwa kuwa ni wa kwetu. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakiwahoji wawindaji wa Kinyakyusa kandokando ya Mlima Rungwe kuhusu wanyama wa msituni, na wawindaji hao wakamtaja kima mwenye woga aitwaye kipunji. Kwa kuwa simulizi za eneo hilo zina wanyama wa kweli na wanyama wa kufikirika, haikuwa rahisi kujua kipunji yuko upande gani. Watafiti hawakumwandika kwa kusikia tu, wala hawakumfuta kwa sababu hawajamwona; waliingia msituni, na kabla ya mwaka kwisha wakamwona vizuri. Mwaka 2004 timu nyingine, iliyokuwa ikifanya kazi zake yenyewe, ikamkuta katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, takriban kilomita 350 kutoka Rungwe.

Mwaka 2005 kipunji alitangazwa rasmi kwa kutegemea picha, na jambo hilo peke yake lilizua ubishi miongoni mwa wataalamu, kwani desturi ni kuhifadhi mwili wa mnyama mahali ambapo yeyote mwenye shaka anaweza kwenda kuukagua. Mwili huo ulipatikana kwa njia ya kusikitisha: kima mmoja ambaye hajakomaa alinasa katika mtego wa mkulima na kufa. Vinasaba vilivyotolewa katika nyama yake vilionyesha kwamba jamaa zake wa karibu zaidi ni nyani, si kundi la kima ambalo watafiti walikuwa wamemweka mwanzoni, na hivyo mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake peke yake katika majina ya kisayansi, Rungwecebus. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari ya kipunji. Mnyama wa kweli humsahihisha hata aliyemgundua, kwa sababu ana mwili usiotii matakwa ya mtu. Nunda hajawahi kumsahihisha yeyote. Anabaki vilevile alivyosimuliwa, mkubwa kama punda, mwenye rangi ya kijivu na mistari kama ya paka, na kila shahidi mpya huongeza pale pale.

Okapi naye haelezwi kwa haki katika mijadala yetu. Watu wa msitu wa Ituri huko Kongo walimfahamu siku zote, na hakuna baraza la wataalamu lililokaa likaamua kwamba wanasema uongo. Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza huko Uganda, alipopeleka London vipande vya ngozi yenye milia, vilipokelewa na kuchunguzwa, na mnyama akapewa jina mwaka 1901 kama aina ya punda milia. Fuvu lilipofika mwaka huohuo ikaonekana kwamba ni jamaa ya twiga, na jina likabadilishwa. Silikanti alionekana Desemba 1938 katika samaki waliovuliwa karibu na East London, Afrika Kusini, ambako Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la mji huo alimtambua kuwa si samaki wa kawaida. Leo wavuvi wa Tanga wanamjua kwa kumtoa nyavuni, na mwaka 2009 serikali yetu ilimtengea hifadhi ya bahari. Katika habari zote hizi, tangu kitu cha kushika mkononi kipatikane hadi wataalamu wakubali, muda uliopita ni mfupi sana.

Kuna sababu ya kimaumbile inayofanya iwe hivyo, na ni sababu inayosahaulika mno. Mnyama mmoja hawezi kuishi karne nzima peke yake. Ili wasimuliwe na babu na mjukuu, lazima wawepo wengi wa kutosha kuzaliana, na wote hao wanakula, wanaacha kinyesi, wanapoteza manyoya, wanakufa na kuacha mifupa na meno. Hesabu ya kipunji iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta wanyama 1,117 tu, na hata hivyo idadi ndogo kama hiyo ilitosha kuacha alama. Huko Udzungwa, kamera za mtego zilimpiga picha mwaka 2005 sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu ambaye hajafika kilo moja, na mwaka 2008 akatambuliwa rasmi kuwa spishi mpya. Huko huko, mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark walishtuka kuona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria ya mboga kambini kwao. Ndege huyo ni kwale ambaye jina lake la kisayansi, Xenoperdix udzungwensis, lilitolewa mwaka 1994. Kama kamera inamnasa mnyama mdogo kiasi hicho na sufuria inamfichua kwale, sioni paka mwenye ukubwa wa punda angejificha wapi.

Wala si kweli kwamba wataalamu wanakataa kuchunguza. Mwaka 2018 timu ya Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago ilichota maji ya ziwa Ness ili kutafuta vinasaba ambavyo kila kiumbe hudondosha majini. Matokeo ya mwaka uliofuata hayakuwa na chembe ya mnyama jamii ya mijusi au nyoka, bali yalikuwa na vinasaba vingi vya mikunga. Mwaka 2017 sampuli tisa zilizodaiwa kuwa za yeti, jitu la manyoya linalosimuliwa katika milima ya Himalaya, zilipimwa: nane zilikuwa za dubu na moja ya mbwa. Kazi hiyo haikupotea bure, kwa sababu ilifundisha mengi kuhusu nasaba za dubu wa milima ile.

Hapa Moshi hutajwa pia mlima wetu. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na mwanajiografia Desborough Cooley, akiwa ameketi London, akashikilia kwamba haiwezekani. Cooley alikosea vibaya, na wenyeji wa mlima hawakuhitaji ruhusa yake ili wajue wanaishi chini ya nini. Lakini kilichomshinda ni safari ya mpelelezi Mjerumani Baron von der Decken ya mwaka 1861, na nyingine ya 1862, za watu waliopanda na kupima. Mlima ulikuwa palepale kwa kila aliyetaka kuhakiki, na nunda hajawahi kuwa mahali ambapo mtu wa pili anaweza kumfuata.

Najua wazee wengi watasema kwamba kudai mwili wa mnyama ni kudharau neno lao. Nadhani ni kinyume chake, maana neno la wawindaji wa Rungwe lilichukuliwa kwa uzito hata likagharimiwa safari, kamera na maabara, na sasa kipunji anatajwa katika mipango ya uhifadhi wa misitu ile. Mnyama wa masimulizi hawezi kutengewa hata ekari moja. Kuna na jambo la heshima kwa wageni wetu: mwongozaji anayemsimulia nunda kama hadithi ya pwani anafanya kazi nzuri, ila anayemsimulia kama mnyama aliyethibitishwa anamdanganya mtu aliyelipa ili aijue nchi yetu.

Kwa hiyo ninaloliomba kwa wenzangu wa porini ni la kiutendaji. Ukikuta nyayo usizozijua, weka kalamu au kisu kando yake kabla ya kupiga picha, ili ukubwa wake upimike. Manyoya yaokote bila kuyashika kwa vidole vitupu na uyatie kwenye bahasha ya karatasi, kwani mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu vinasaba. Andika tarehe, mahali na urefu kutoka usawa wa bahari, kisha umkabidhi askari wa hifadhi au uvipeleke TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Arusha.