Miaka 15 ya binti si miaka 15 ya mvulana

Julai 2022, fainali ya tenisi ya wasichana wawili wawili, Wimbledon. Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi wanapoteza seti ya kwanza 3-6, wanachukua ya pili 6-4, halafu wanafunga kazi kwa 11-9 kwenye pointi za kuamua. Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, ngazi ya vijana. Kwa siku kadhaa hata watu wasiojua seti inahesabiwaje walikuwa wakizungumzia tenisi.

Ng'ambo ya wavu walisimama Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko, ambaye wazazi wake wametoka Kongo, alikuwa na miaka 15. Mwanzoni mwa 2025 alikuwa nje ya wachezaji 300 bora duniani. Agosti mwaka huohuo alitwaa ubingwa wa mashindano ya wakubwa ya Montreal, akamtoa Coco Gauff njiani na kumfunga Naomi Osaka fainali. Wengi walishangaa kana kwamba ameibuka kutoka hewani. Hakuibuka. Sisi ndio tuliokuwa tumeangalia pembeni.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu kubwa. Binti chipukizi tunamshangilia mapema na kumchoka mapema. Akishinda akiwa na miaka 14, ni nyota. Akifika 19 bila taji kubwa, tunauliza alipotelea wapi. Mvulana wa 19 mwenye rekodi hiyohiyo tunasema bado anakua, apewe muda. Roger Federer alishinda Wimbledon ya vijana 1998 na ya wakubwa 2003, na ile miaka mitano tunaisimulia kama kukomaa. Ons Jabeur wa Tunisia alishinda Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, ya wasichana 2011, na taji lake la kwanza la WTA, ligi ya wanawake wa kulipwa, likaja 2021, Birmingham, akiwa na miaka 26. Mwaka uliofuata alicheza fainali ya Wimbledon na ya US Open. Katika miaka hiyo kumi, wangapi walikuwa wameshamfuta?

Sehemu ya sababu iko mwilini. Wasichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakikaribia miaka 12, wavulana wakikaribia 14. Kwa hiyo binti wa miaka 15 kwa kawaida ameshakaribia kimo chake, na unachokiona uwanjani kinafanana na mchezo atakaokuwa nao. Mvulana wa umri huo huenda bado ana sentimita kadhaa za kuongeza, na kila sentimita inabadilisha sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi: anaupiga mpira kutoka juu zaidi, na wavu wenye sentimita 91.4 katikati haumsumbui sana. Jannik Sinner, aliyekuja kuwa namba moja duniani, hakuwahi kuingia 100 bora ya vijana. Aliyempima kwa orodha ile alipima kitu ambacho bado hakijafika.

Kwa hiyo usiwalinganishe kwa mwaka wa kuzaliwa peke yake. Ukikaa kando ya uwanja, sema kwenye mashindano ya vijana ya J30 au J60, ngazi za chini za kimataifa, yanayochezwa Nairobi, acha kuhesabu mipira mikali. Hesabu sevu za pili, zile za kurudia baada ya ya kwanza kukosea. Chukua ishirini za kila mchezaji na uandike mambo matatu: ngapi zimeingia, ngapi zimetua ndani kabisa karibu na mstari wa nyuma wa boksi la sevu, na pointi ngapi ameshinda baada yake. Binti anayeshinda kumi kati ya ishirini dhidi ya mpinzani wa kiwango chake ana kitu cha kweli. Anayeshinda mechi 6-2, 6-2 huku sevu yake ya pili ikiwa ni ya kusukuma tu atakutana na wapokeaji wanaoingia hatua mbili ndani ya uwanja, na ushindi utakauka. Kwa mvulana angalia pia kama mpira anaourusha juu unaenda mahali palepale kila mara. Akiwa kwenye kipindi cha kurefuka mkono hubadilika urefu, urushaji unayumba, makosa mawili mfululizo ya sevu yanaongezeka. Hajashuka kiwango. Mwache miezi sita.

Orodha ya ubora ya vijana ya ITF, Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, nayo inasomwa vibaya. Inajumlisha pointi za matokeo sita bora ya mechi za mmoja dhidi ya mmoja, na robo tu ya pointi za sita bora ya wawili wawili. Mtoto ambaye familia yake ina nauli ya mashindano 25 kwa mwaka ana nafasi nyingi za kupata sita nzuri. Mwenye nauli ya manane hana. Soma namba pamoja na idadi ya mashindano, la sivyo unasoma pochi ya mzazi.

Kuna kanuni ambayo mashabiki wengi hawaijui. Jennifer Capriati aliingia tenisi ya kulipwa 1990 akiwa na miaka 13, na kabla ya kufika 18 alikuwa ameshachoka na kuacha. WTA ikaweka ukomo kuanzia 1995: chini ya miaka 14 haruhusiwi, na kwa msingi binti wa 15 hupewa mashindano 10 ya kulipwa mpaka siku yake ya kuzaliwa inayofuata. Basi usipomwona miezi miwili, usiandike kwamba amezama. Huenda anatunza nafasi zake.

Okutoyi mwenyewe alikwenda kucheza tenisi ya chuo kikuu Auburn, Marekani, na Machi 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Kelele zilikuwa ndogo mno kuliko za 2022, ingawa hii ilikuwa ngazi ya wakubwa na alicheza peke yake, bila mwenza. Naumia kuliona hilo. Chuo si shimo la kupotelea. Kule kuna kocha, tiba na mechi ngumu kila wiki bila mzazi kuuza kitu.

Ukimpenda chipukizi wa kike leo, andika tarehe yake ya kuzaliwa na zile hesabu za sevu ya pili. Zirudie baada ya miezi 12, kisha tena baada ya 12 nyingine, na uendelee mpaka afike miaka 23.