Ufunguo wa stoo ulikuwa kwenye mkoba

Desemba iliyopita dada yangu alikuwa likizo. Ni mganga mfawidhi, yaani msimamizi, wa zahanati; kitaaluma ni tabibu, lakini kijijini kila avaaye koti jeupe ni Daktari, na yeye keshazoea. Tulikuwa jikoni kwa mama tunamenya ndizi, simu yake ikaita kwa mara ya nne na hata saa tatu asubuhi haijafika. Muuguzi aliyemwachia kituo alikuwa anauliza ufunguo wa stoo ya dawa uko wapi. Dada akafuta mikono kwenye khanga, akafungua mkoba, akautoa. Mwendo wa saa nane kwa basi kutoka zahanati. Tulicheka wote isipokuwa yeye.

Ufunguo ule hunijia kila ninaposoma mawaidha wanayopewa viongozi wa kazi kuhusu uchovu: lala vya kutosha, fanya mazoezi, zima simu jioni, pata muda wa ibada. Sina ugomvi nayo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo ni juu kwa asilimia 17. Anayejiona chuma azitazame namba hizo. Tena wapo mabosi ambao hakuna aliyewalazimisha: wanabaki ofisini hadi saa mbili usiku kwa sababu wanapenda kuonekana, au kwa sababu nyumbani hakukaliki. Hao, kuambiwa wajitunze ni haki yao.

Lakini WHO hiyohiyo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, haikuuweka uchovu huu kwenye magonjwa. Imeutaja kama jambo la kazini, litokanalo na msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: mtu anaishiwa nguvu, moyo unajitenga na kazi yake, na anaona hafanyi lolote la maana. Kama chanzo kiko kazini, kumtuma mchovu akakimbie asubuhi ni kupaka rangi ukuta unaovuja.

Siku ya dada yangu inaanza kwa kuona wagonjwa kama wenzake. Baada ya hapo kuna kuhesabu dawa na kuagiza Bohari ya Dawa (MSD), ripoti za MTUHA, yaani takwimu za huduma za kituo, kila mwezi unapoanza, fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo na lazima zitolewe maelezo hadi shilingi ya mwisho, na kikao cha kamati ya kituo. Juu ya yote kuna grupu la WhatsApp la wafawidhi. Takwimu inaulizwa saa nane mchana na inatakiwa saa tisa, awe leba au awe msibani.

Sheria nayo haimsaidii sana mtu wa nafasi kama hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Halafu inawatoa nje ya ukomo huo wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yaani ukishapanda cheo kiasi hicho, saa zako hazina mwenyewe. Zinazobaki ni siku 28 za likizo ya mwaka, na wengi wetu tunajua watu wanaoziuza au kuzilalia hadi zinapotea.

Upande wa pili una hoja ambayo watu wa mawaidha hawapendi kuigusa. Kituo chenye watumishi watatu, mmoja akipumzika, kazi yake haiendi likizo. Inamwangukia aliye chini. Waliokulia kwenye kaulimbiu ya "Hapa Kazi Tu" watakwambia kiongozi ndiye wa mwisho kukaa chini, na mama mjamzito aliyefika saa saba usiku hatawabishia.

Mimi nilidhani dada aling'ang'ania ufunguo kwa kujiona. Nilipomuuliza alinijibu kwa swali: "Dawa zikipungua, anayeitwa wilayani ni nani?" Hapo ndipo naona kiini. Tuna cheo cha kaimu, tuna muhuri wa kaimu, lakini mara nyingi kaimu anaachiwa kiti tu; lawama zinabaki na mwenye kiti, naye anabaki na ufunguo. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alimwachia Kawawa uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama. Hakwenda kupumzika, ni kweli. Ila alimkabidhi nchi nzima, na Kawawa aliiendesha hadi Desemba. Sisi stoo yenye kabati tatu inatushinda.

Kwa hiyo kati ya kumfundisha kiongozi kujitunza na kumpunguzia mzigo, naanza na la tatu lililo dogo zaidi: mamlaka na lawama zikabidhiwe pamoja, kwa maandishi.

Juni mwaka huu walijaribu. Dada na muuguzi walihesabu dawa pamoja, wakasaini leja wote wawili, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya ikapelekewa barua ikimtaja kaimu, na jina la dada likatolewa kwenye grupu kwa siku kumi. Simu iliita mara mbili. Alilala hadi mama akaingiwa na wasiwasi, akaenda kumgusa paji la uso.

Aliporudi, muuguzi alimkabidhi ufunguo, leja na ripoti, kila kitu kikiwa sawa. Ndani ya siku hizo alikuwa amezalisha wawili usiku na kuona wagonjwa mchana. "Daktari," alimwambia, "mwakani mtafute mwingine. Hata nauli ya kupeleka hizo ripoti nimetoa mfukoni."