Tuache kumwita Juma Ikangaa "yule wa pili"

Mazungumzo ya riadha ya Tanzania yakianza, majina mawili hutangulia: Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, na John Stephen Akhwari aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 goti likiwa limeumia. Wanastahili kabisa. Lakini Juma Ikangaa hutajwa baadaye, tena kwa maneno yaleyale: alikuwa mkali, ila kila mara anaishia nafasi ya pili. Maneno hayo yananiudhi.

Kwanza si kweli. Ikangaa, askari wa JWTZ mwenye umbo dogo, alishinda marathoni ya Tokyo 1984 na 1986. Alishinda Fukuoka 1986, Beijing 1987, kisha New York 1989. Pale New York alikimbia kwa saa 2:08:01 na kuifuta rekodi ya njia hiyo, 2:08:13, iliyowekwa na Alberto Salazar mwaka 1981. Rekodi ya Ikangaa ikadumu hadi 2001. Miaka 12, katika mojawapo ya marathoni kubwa kuliko zote duniani! Mtoto wa shule pale Dodoma alikozaliwa anapaswa kulijua hilo.

Pili, angalia hizo nafasi za pili zilivyopatikana. Michezo ya Jumuiya ya Madola, Brisbane, 1982: Ikangaa na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga walichomoka mapema na kuwaacha wenzao nyuma kabisa. Rob de Castella, Mwaustralia aliyekuwa kwao, miongoni mwa wakali wa dunia wakati ule, akaanza kuwafukuzia taratibu. Akampita Shahanga. Zikiwa zimebaki kilomita chache akamfikia Ikangaa, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu Ikangaa alipopitwa hakukubali. Alirudi mbele, akapitwa, akarudi tena. Walitenganishwa na sekunde 12 tu: 2:09:18 kwa 2:09:30. Mimi naihesabu kuwa moja ya mbio bora kabisa alizowahi kukimbia Mtanzania, medali iwe ya fedha au ya dhahabu.

Halafu Boston, wa pili miaka mitatu mfululizo. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja. Mwaka 1989 ilikuwa zamu ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia, na 1990 ya Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki. Boston haikuwa na wakimbiaji wa kukodiwa kuvuta kasi. Mtu mmoja lazima ajitolee kukaa mbele, apambane na upepo, na wengine wajibanze mgongoni kwake wakisubiri achoke. Ikangaa ndiye aliyejitolea, mwaka baada ya mwaka. Wapo wanaosema hakuwa na mbinu. Nadhani wanakosea: hakuwa na mbio kali za mita 200 za mwisho, alijua hivyo, kwa hiyo alichagua kuwachosha wenzake mapema. Mbinu hiyo ndiyo iliyompa New York.

Mwaka 2025 Alphonce Simbu, naye askari, alitupatia dhahabu yetu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, mjini Tokyo, kwa tofauti ndogo kiasi kwamba ilibidi picha ya mstari wa mwisho itumike. Nilishangilia kama kila mtu. Lakini kama kifua cha Mjerumani Amanal Petros kingetangulia kidogo, je, Simbu naye tungempachika jina la "yule wa pili"?

Ikangaa hakuishia kwenye mbio zake mwenyewe. Tangu 2017 ameshirikiana na shirika la Japani, JICA, katika mashindano ya riadha ya wanawake yaitwayo Ladies First, yanayowakusanya wasichana kutoka mikoa mbalimbali jijini Dar es Salaam. Walimu wa michezo mnaowaleta wasichana hao, waelezeni aliyewafungulia mlango huo ni nani, na mkianza, anzeni na New York.