Kupe Wachache kwa Ndama wa Zebu Si Uzembe

Afisa mifugo akimkuta ndama wa zebu, ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, ana kupe masikioni, humwambia mwenyewe: ogesha kwa dawa ya kupe. Hoja anayo. Kupe hao hueneza ndigana kali, ugonjwa wa kimelea kinachoingia kwenye chembe nyeupe za damu na kuzifanya zizaane ovyo kama saratani, nacho kikizaana humo humo. Ng'ombe wa kisasa akiupata bila kutibiwa mapema, kupona ni nadra. Na kwa kuwa kupe hunyonya siku kadhaa kabla ya kuambukiza, josho la mara mbili kwa wiki hufanya kazi kweli.

Ila zebu na kimelea hiki wamezoeana vizazi na vizazi. Ndama wake akiumwa na kupe angali mdogo, mara nyingi huugua, hupona na kubaki na kinga, na kupe wa malishoni huendelea kuichochea. Wapo wanaokufa, na kwa mfugaji wa Kimaasai hao si wachache.

Hata hivyo, tazama Zimbabwe. Vita vya ukombozi vya miaka ya 1970 vilipovuruga uogeshaji vijijini, ng'ombe wapatao milioni moja walikufa kwa magonjwa ya kupe. Milioni moja! Na wengi walikuwa wa asili, uzao wa ng'ombe walioishi na kupe kabla ya josho lolote kuchimbwa. Walikuwa wameogeshwa kwa lazima tangu enzi za mkoloni, wakakua bila kukutana na vimelea, hivyo dawa ilipokatika hawakuwa na kinga yoyote. Majosho yetu nayo hukosa dawa, mengine hukosa hata maji. Anayetaka kila zebu aogeshwe kila wiki atuambie mwezi dawa ikikosekana itakuwaje.

Ipo chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya: ndama hudungwa vimelea hai, papo hapo akapigwa sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki inayovidhibiti. Wafugaji wengi wa kaskazini mwa Tanzania huilipia wenyewe. Kasoro zipo: hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali mno, na palipo na nyati kinga yake hupungua.

Mwenye ng'ombe wa maziwa Rungwe au Hai aendelee kuogesha bila kulegeza. Kwa ndama wa zebu wa Longido, fedha ya ruzuku ingeanzia kwenye chanjo, kisha ratiba ya josho ipunguzwe, kupe wachache waachwe wabaki.