Beatrice na shajara zilizochomwa

Mtaje Binti Mfalme Beatrice mbele ya wapenzi wa historia ya Malkia Victoria wa Uingereza na watakujibu kwa neno moja: ndiye aliyechoma shajara za mama yake. Ni kweli, alizichoma. Lakini kazi aliyoifanya kabla ya kuwasha moto ni wachache wanaoitaja.

Victoria alianza kuandika mwaka 1832 akiwa na miaka 13, akaendelea hadi siku chache kabla ya kufa, Januari 1901. Kazi ya kupitia yote na kuondoa yasiyofaa kusomwa na watu alimwachia kitinda mimba wake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani wake wa nyumbani. Beatrice alisoma, akanakili kwa mkono wake kwenye daftari huku akiruka alichoona hakifai, kisha akateketeza maandishi ya asili. Mfalme George V, mjukuu wa Victoria, na mkewe Malkia Mary walipinga, lakini agizo lilikuwa la marehemu. Alimaliza mwaka 1931: daftari 111.

Tuipige hesabu. Kunakili miaka 68 na ushee ndani ya miaka 30 maana yake ni kwamba kila siku ya Beatrice ilidai amalize zaidi ya siku mbili za mama yake, bila kuhesabu Jumapili, maradhi wala matanga. Na matanga yalimfika: mwanawe Maurice aliuawa vitani karibu na Ypres, Ubelgiji, Oktoba 1914, na Leopold, aliyezaliwa na ugonjwa wa damu kutoganda, alifariki 1922. Anayetaka kuficha tu hahitaji miaka 30. Kiberiti na jioni moja vinamtosha. Ndivyo Mfalme Edward VII, kaka yake Beatrice, alivyofanya 1901 alipoamuru karatasi za Munshi Abdul Karim, mtumishi Mhindi wa Victoria, zichomwe, pasipo nakala.

Wanahistoria nao wana hoja nzito. Beatrice hakufupisha tu, alibadilisha hata maneno, na msomaji wa nakala yake hana njia ya kujua kwa yakini palipokatwa. Ushahidi upo kwa sababu Lord Esher, mtu wa karibu wa kasri, alipokuwa akihariri barua za Malkia, alipigisha chapa kwa taipureta shajara za kuanzia 1832 hadi Februari 1840. Linganisha siku za harusi ya Victoria na Albert, Februari 1840: kwa Esher unamkuta bibi harusi aliyelewa mapenzi, kwa Beatrice, amepoa. Baada ya mwezi huo hakuna nakala nyingine nzima ya kulinganisha, na hasara hiyo haina fidia.

Hata hivyo, kosa linaloharibu tafiti nyingi ni la msomaji, wala si la Beatrice. Mtu ananukuu ukurasa wa 1861, mwaka aliokufa Albert, na kuandika “Victoria alisema”, kana kwamba ameshika daftari la Malkia mwenyewe. Shajara zilipowekwa mtandaoni 2012, matoleo yalitenganishwa: mwandiko wa Victoria kwa miaka michache ya mwanzo, chapa ya Esher, na nakala ya Beatrice. Kwa hiyo angalia kwanza toleo, kisha tarehe. Nani alikuja, Malkia alisafiri kwenda wapi, waziri gani alipokelewa: hayo nakala ya Beatrice huyabeba vizuri. Kwa hasira, mapenzi na chuki, pitia barua ambazo Victoria alimwandikia kifungua mimba wake, Vicky, huko Ujerumani. Humo analalamikia mimba kwa ukali ambao huwezi kuutarajia kwenye daftari za Beatrice.

Mwaka 1941, akiwa na miaka 84, Beatrice alichapisha tafsiri yake ya sehemu za shajara ya Augusta wa Saxe-Coburg-Saalfeld, bibi mzaa mama wa Victoria, kutoka Kijerumani. Safari hiyo hakuna aliyekuwa amemwagiza achome kitu.