Dola Iliyofutwa kwa Kalamu Nyekundu

Mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia, hapa Tanga, alinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, akaipiga Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, halafu mjukuu wake aliyeko chuoni akamwambia kwa simu kwamba mtu hahesabiwi kuwa anaijua Linux mpaka ajikompailie kaneli, kiini cha mfumo, yaani aijenge mwenyewe kutoka kwenye sosi, maandishi yake ya asili. Mjukuu akakata simu. Aliyekuwa jirani ni mimi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo. Wanataka cheti."

Juu ya meza, kando ya kibodi, alikuwa ameshakitoa Cheti chake cha Ualimu, kimepigwa plastiki. "Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 nilipita bila doa," akasema. "Hawa nao wanahakiki kwa mamlaka ya nani?"

Kwenye skrini palikuwa na malalamiko kwamba faili la `debian/certs/debian-uefi-certs.pem` halionekani. Jambo lenyewe ni dogo. Mwalimu alinakili usanidi ulioko `/boot` akaufanya `.config`, kama maelekezo mengi yanavyosema, na usanidi huo umeandaliwa na watu wa Debian. Ndani yake kuna mstari unaoelekeza kwenye cheti kilichomo katika sosi yao wao. Ukichukua sosi kutoka kernel.org, cheti hicho hakimo. Dawa ni:

`scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`

kisha `make olddefconfig`. Aliyenakili usanidi wa Ubuntu afute na `SYSTEM_REVOCATION_KEYS`, la sivyo kilio kitaanza upya hatua chache mbele. Cheti cha Ualimu kikarudishwa ukutani, ingawa mwenyewe aliona kimedharauliwa.

Aliponiita tena, alikuwa na daftari la kaunta. Kila kosa lililotokea ameliandika kwa kalamu nyekundu, na saa yake, na jina la faili, na maoni ya mwalimu. Ukurasa wa kwanza: "cc1 ameuawa. Ishara namba 9. Muuaji hajajitambulisha."

Huyo cc1 ni sehemu ya GCC, kompaila inayogeuza sosi kuwa programu. Muuaji alikuwa kaneli mwenyewe. Mjukuu alimwagiza aandike `make -j`, akasahau namba. Bila namba, make huanzisha kazi zote zinazowezekana kwa mkupuo, na GB 8 za RAM huisha kabla hujafika jikoni. Kumbukumbu ikikauka, kaneli huchagua mhanga na kumuua. Ushahidi hubaki: `sudo dmesg | grep -i "out of memory"`. Tukaandika `make -j4`, maana `nproc`, inayohesabu viini vya prosesa, ilitoa 4, na vifo vikakoma.

Ila kurasa zilizofuata zilikuwa na ishara namba 11, nayo ni kesi nyingine kabisa. Kompaila inaanguka yenyewe kwa segmentation fault. Mara ya kwanza ilianguka kwenye `fs/ext4/inode.c`. Akarudia, ikapita hapo salama, ikaanguka kwenye `net/ipv4/tcp_input.c`. Akarudia, ikawa `kernel/sched/fair.c`. Pembeni mwalimu ameandika: "Wote wazembe."

Tena alikuwa ameandaa barua. "Kwa: Mkuu wa Kitengo cha Kaneli. Yah: Kushuka kwa kiwango cha kazi katika faili la inode.c." Nakala kwa mjukuu.

Nikamwomba asiitume, kwa sababu daftari lake lilikuwa linawatetea hao hao anaowashtaki. Kosa likiwa kwenye sosi au kwenye kompaila, litakusubiri palepale, faili lilelile, mstari uleule, hata ukirudia mpaka Idi. Kosa linalohama faili kila ukirudia ni la vifaa, na mshukiwa wa kwanza ni RAM. Anayefuata ni joto, kisha pawasaplai. GCC yenyewe, ikijaribu tena faili lililoiangusha na safari hii likapita, huandika kwamba hitilafu hairudiwi na yaelekea ni ya vifaa au ya mfumo. Mstari huo mwalimu alikuwa ameunakili, akaupigia mstari, akaandika chini: "Visingizio."

Tukaweka memtest86+, programu ya kupima RAM, kwa `apt`, tukaichagua kwenye menyu ya GRUB inayotokea kompyuta ikiwaka, ikaachwa ikeshe. Raundi moja haitoshi, kwa sababu vijiti vingine havikosei mpaka vipate moto. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu. Mwalimu akavaa miwani, akasimama mbele yake kwa heshima. "Huyu," akasema, "ndiye anayejua kusahihisha."

Mistari yote ilitaja eneo moja la kumbukumbu na biti ileile moja. Hiyo ni habari njema kiasi. Makosa yakitapakaa kila mahali, shuku mguso mbovu, kasi iliyozidishwa kwenye BIOS, au vijiti visivyoelewana. Yakiganda kwenye biti moja, basi kuna seli iliyokufa, na ufutio mweupe kwenye meno ya dhahabu hautaifufua. Tuliyafuta hata hivyo, kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa ameshaleta ufutio.

Kisha tukatafuta ni kijiti kipi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, shika chuma cha kasha, ndipo utoe vijiti. Pima kimoja kimoja katika tundu lilelile. Chenye kosa kihamishie tundu la pili: kosa likikifuata, ubovu ni wa kijiti, likibaki kwenye tundu, ubovu ni wa bodi. Lilikifuata. Vijiti vyenyewe ni pacha, DDR3 vya GB 4, lebo moja, na wino mwekundu wa mwalimu haukushika. Mama akatoa rangi ya kucha. Hadi leo kijiti kibovu ndicho kilichopambwa kuliko kitu chochote humo ndani.

Ushauri wangu ulikuwa kununua kingine. Mwalimu akasema kijiti chenye biti zaidi ya bilioni 34 hakifukuzwi kwa utovu wa nidhamu wa biti moja. Kihesabu yuko sahihi, na kwa kosa lililoganda mahali pamoja, kaneli inaweza kuambiwa iliruke eneo hilo. Tukarudisha vijiti vyote viwili na kupima upya, na hatua hii watu wengi huiruka: anwani uliyoisoma kijiti kikiwa peke yake si ile utakayoiona vikiwa viwili, kwa sababu bodi huvichanganya. Ikatoka anwani iliyo ndani ya kipande kinachoanzia 0x6a3c0000. Nikamwandikia kwenye karatasi mstari wa kuingiza katika `/etc/default/grub`:

`GRUB_CMDLINE_LINUX="memmap=64K\\\$0x6a3c0000"`

Maana yake: tenga kilobaiti 64 kuanzia hapo, zisiguswe. Mistari mitatu iliyolala ni ya kuilinda alama ya dola isimezwe njiani, kwanza na shell, programu inayosoma amri, kisha na GRUB. Nikamwachia aandike mwenyewe, nikaenda kwenye shughuli zangu.

Jioni simu. "Fundi, kompyuta imekuwa nyeusi."

Nilipofika nikaiona karatasi yangu. Dola imekatwa kwa kalamu nyekundu, na ile mistari iliyolala imekatwa pamoja nayo. Pembeni: "Tazama kanuni za 2025. Bei hapa nchini ni kwa shilingi."

Bila dola, kaneli haisomi "tenga kilobaiti 64". Inasoma "kumbukumbu yote uliyonayo ni kilobaiti 64". Mashine ya GB 8 ilikuwa imeambiwa ijibane ndani ya nafasi isiyotosha hata kaneli yenyewe.

Kwenye menyu ya GRUB nikabonyeza `e`, nikafuta neno la `memmap` kwenye mstari unaoanza na `linux`, kisha Ctrl+X. Ikawaka. Ili pasiwe na mjadala mwingine wa sarafu, nikatumia njia isiyo na dola, inayofaa kwa mashine inayowaka kwa BIOS ya zamani kama hii:

`GRUB_BADRAM="0x6a3c0000,0xffff0000"`

kisha `sudo update-grub`. Baada ya kuwasha mfumo pima kwa `memtester`.

Sosi ya zamani tukaitupa na kuifungua upya, kwani faili lililopita kwenye RAM mbovu huenda limeandikwa diski likiwa limeharibika. Anayetaka kusafisha tu kwa `make mrproper` ahamishe kwanza `.config`, maana hiyo amri huondoka nayo. Ili kazi iwe fupi nikamwonyesha `make localmodconfig`, inayobakiza moduli zinazotumika wakati huo tu. `make -j4`, `sudo make modules_install`, `sudo make install`. Ikapita yote bila kuanguka. `uname -r` ikaonyesha jina lililoishia na `-mwalimu`, alivyotaka mwenyewe.

Akachomeka flashi amwekee mjukuu picha ya skrini. Kimya. Printa nayo kimya.

"Localmodconfig ni kuita mahudhurio, mwalimu," nikamwambia. "Flashi na printa hazikuwepo darasani, zimefutwa kwenye rejista."

Hilo alilielewa mara moja, hata akaukasirikia utoro wenyewe. Tukawasha kwa kaneli ya zamani, ambayo kamwe usiiondoe mpaka mpya izoeleke, na akaanza kuchomeka: flashi, printa, modemu, kamera ya wavuti, spika, kicheza kaseti ambacho hakina hata waya wa kuingia humo.

"Mama Salma!" akaita. "Lete na simu yako. Tunaita majina."

"Ina asilimia tano."

"Ilete ikiwa hai."